Fundi wa Kategori ya Tatu

Kwetu, mtu akikutendea jema lisilopimika unampelekea agashimwe. Inaweza kuwa kuku, kibaba cha karanga, kitenge, au pombe ya ndizi kwa wale wanaokunywa. Ni shukrani. Anayetoa hasemi kiasi gani na anayepokea haulizi. Nimekua nikiliheshimu neno hilo. Siku hizi nikilisikia kwa mtu wa ofisi meno yanasagana, kwa sababu nimeona watu waliosoma wakilitumia kumlipa fundi theluthi ya haki yake, halafu wakamtazama usoni wakingoja aseme asante.

Niseme mapema kwamba ofisi hiyo nilikuwamo na mimi, tena upande wa waliolipwa vizuri. Nikilificha sasa nitaonekana mtu safi, na katika jambo hili mimi si safi.

Fundi ninayemzungumzia ni mwanamke wa Muyinga mjini, wa zile familia za Kiislamu zinazoishi kwa biashara na kazi za mikono. Baba yake alishona. Mumewe, Mungu amrehemu, aliuza vitambaa. Yeye anashona kwenye baraza ya nyumba yake, kwa cherehani tatu za kukanyaga, na nusu ya wanaume wanaotoka msikitini siku ya Idi wamevaa kazi ya mikono yake. Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na kitu. Mimi na mama yangu tulikuwa tumerudi Burundi kutoka Tanzania, nchi niliyozaliwa na kusomea, tukapata kipande cha shamba Giteranyi. Shamba lilinishinda kabla ya mvua ya kwanza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, lakini kila ofisi niliyobisha waliniambia nikibadilishe kwanza kiwe cha huku, na kukibadilisha kulitaka pesa na Kifaransa. Sikuwa na kimoja wala kingine. Nikachukua baiskeli ya mjomba nikaenda mjini kutafuta kazi ya mikono.

"We unasema kama redio," aliniambia siku ya kwanza, bila kuinua macho kwenye sindano. "Unataka kushona ama unataka kusoma habari?"

"Nataka kujifunza, mama."

"Mama yako iko Giteranyi. Hapa mi ni fundi. Pasi iko pale, makaa iko nyuma ya nyumba."

Nikakaa na pasi miezi minne. Nilichoma suruali ya karani mmoja wa mahakama, fundi akaniadhibu kwa kunifanya nikae tena miezi miwili na pasi. Baadaye vifungo, baadaye pindo, baadaye kunyoosha kitambaa mezani na kumshikia yeye akikata. Nilikuwa nakumbuka Tanzania kila siku, nakumbuka hata vumbi lake, na nilifikiri nitakaa Muyinga mwaka mmoja tu niondoke. Nilikaa mitatu. Sasa ninapolala popote, Itaba, Mutaho, Gitega, kinachonijia ni sauti ya zile cherehani tatu zikikanyagwa kwa pamoja kabla ya adhana ya adhuhuri. Mtu wa kuhamahama ana ugonjwa huo: anakumbuka kwa uchungu mahali alipokuwa akihesabu siku za kuondoka.

Kwake hakukuwa na muhula. Mtu alimaliza siku aliyomaliza. Na kumaliza kulikuwa hivi: unamshonea mzazi wako vazi. Koti kama ni baba, gauni kama ni mama. Unakata mwenyewe, unaunganisha mwenyewe, fundi haligusi hata kwa kidole. Kisha mzazi analivaa mahali penye watu wengi, Idi, kanisani au harusini, na fundi anatafuta mtu aliyekuwepo amuulize mzazi alikaaje. Akisikia kwamba mzazi alishinda anavuta mkono au anajikuna kwapa, unarudi kwenye cherehani. Akisikia kwamba hakuna aliyeliangalia vazi, kwamba watu walimwona mzee tu amependeza, basi umemaliza, na familia yako inakuja na agashimwe. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yake kwa kukufundisha, hayo pamoja na kazi uliyomfanyia bure ulipokwisha kujua kushona.

Mimi nilianguka mara ya kwanza. Mama yangu alikaa ibada nzima Giteranyi mikono imebanwa kama kuku aliyefungwa miguu, na mchuuzi mmoja wa samaki aliyesali naye akapeleka habari mpaka Muyinga. Fundi alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Ulimshonea mama yako ama ulimfunga jela?"

Nilirudia baada ya miezi mitano. Mara ya pili mama alikuja mwenyewe kwa miguu na karanga na jogoo, na wale wanawake wawili wakazungumza nyuma ya nyumba tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Sijui waliongea nini. Nilipewa ruhusa ya kwenda.

Nikaenda. Nimeshona Itaba kwenye kibanda cha mabati, nimeshona Mutaho nyuma ya duka la chumvi na sabuni, nimeshona Gitega sokoni. Sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu. Cheti changu nilikibadilisha hatimaye, na Kifaransa nikajifunza cha kuombea kazi na kuandikia. Ndipo lilipokuja lile shirika.

Shirika lilikuwa na ofisi yake Gitega. Kazi yake ilikuwa kuchukua vijana walioacha shule na kuwakalisha kwa mafundi miezi sita ili watoke na ufundi. Sisi mafundi tuliitwa ankadreri, yaani walezi. Nilifurahi kuitwa mlezi. Nilipewa vijana wanane huko Mutaho, na karatasi inayosema nitapata faranga laki moja na elfu themanini kila mwezi, nauli juu, na mwishoni elfu hamsini kwa kila kijana atakayepata cheti. Karatasi ilisema niko kategori ya pili, yaani daraja la pili. Sikuuliza ya kwanza ni ya nani wala kama kuna ya tatu. Mtu aliyeshika pesa yake mkononi haulizi sana.

Siku moja mratibu, kijana mstaarabu wa miaka thelathini na kitu, alituambia wanatafuta fundi wa kushona Muyinga. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Nikasema namjua aliye bora kuliko sote tuliomo humu. Wiki ile ile nikapanda basi kwenda Muyinga nikiwa nimejaa furaha, kana kwamba ni mimi niliyegundua kwamba yule mwanamke yupo.

Nilimkuta barazani. Wateja wawili, wanawake, walikuwa wakingoja vitenge vyao. Nikamweleza habari yote. Alisikiliza huku anakanyaga.

"Na wanalipa?"

"Kila mwezi, fundi."

"We wanakulipa ngapi?"

Nikamwambia. Cherehani ikasimama.

"Na mi?"

"Sawa na mimi. Zaidi hata. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Zaidi wacha. Sema sawa tu."

"Sawa."

Akawageukia wale wanawake. "Mumesikia?"

"Tumesikia," wakasema.

Ilinipasa kuogopa pale pale, kwa sababu naijua baraza ile. Fundi huyu haandiki bei. Mteja akileta kitambaa wanapatana kwa mdomo mbele ya wanaongoja, na bei iliyotajwa mbele ya watu haibadiliki tena, hata kitambaa kikionyesha ubishi, hata uzi ukipanda bei kesho yake. Nimemwona akishona suti kwa hasara siku tatu bila kulalamika kwa sababu aliitaja bei mbele ya mtu aliyekuwa akingoja suruali. Neno la baraza kwake ni stakabadhi. Mimi nililitoa kama mtu anavyotoa salamu.

Mkataba wake ulipotoka Gitega ulisema kategori ya tatu. Elfu sitini kwa mwezi. Nauli hakuna. Nilifikiri karani amekosea. Nikaenda kwa mratibu.

"Hapana, ni sawa," alisema. Hakuwa mkali. Alinivutia kiti, akafungua jedwali kwenye kompyuta yake, akaanza kunionyesha kwa kalamu kama mwalimu. "Kategori ya kwanza ni diploma. Ya pili ni cheti cha sekondari na uwezo wa kuandika raporo, ripoti za kila mwezi. Ya tatu, wasio na karatasi."

"Mimi nilifundishwa na yeye."

"Ndiyo, lakini wewe uko na cheti."

"Cheti changu ni cha historia na jiografia. Hakuna mahali kimeandika naweza kukata koti."

Akacheka kidogo. "Bon, ni vigezo. Si mimi niliyeviweka."

"Na nauli?"

"Mama anafanyia kazi kwake. Haendi mahali."

"Vijana wanafanyia kazi kwenye baraza yake. Hamlipi pango. Cherehani ni zake. Sindano zikivunjika ni zake."

"Voilà. Ana vifaa tayari, ana mahali tayari. Kwa hiyo gharama zake ni ndogo." Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayenipa habari njema. "Halafu Muyinga si Gitega. Maisha kule ni rahisi. Na watoto wake wameshakua, sivyo? Tuseme hii ni agashimwe. Tunamshukuru."

Nimelichambua jibu lile mara nyingi tangu siku ile, njiani na kitandani, na kila nikilichambua damu inapanda upya. Kila alichokuwa nacho yule mwanamke kiligeuzwa kuwa sababu ya kumpunguzia. Ana nyumba, punguza. Ana cherehani, punguza. Amezeeka kidogo na watoto wametoka nyumbani, punguza. Ni mwanamke aliyekaa kwake, basi hafanyi kazi, yupo tu. Mimi nisiye na nyumba wala cherehani ya maana wala mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kunisifu, nilipata mara tatu yake kwa sababu nilikaa darasani nikakariri mito ya Tanzania. Na mratibu, asiyejua upande wa kulia wa kitambaa, alipata mara ngapi yangu? Hilo halikuwamo kwenye jedwali alilonifungulia. Na sukari Muyinga si rahisi. Siku zile sukari ilikuwa haipatikani Gitega wala Muyinga, ikipatikana bei ni ile ile ya kutukana.

Sasa nije kwenye uoga wangu. Nilipeleka mkataba Muyinga mwenyewe. Ulikuwa wa Kifaransa. Fundi anasoma Kurani, na hesabu za faranga anazipiga kichwani haraka kuliko karani wa benki, lakini Kifaransa hajui, na alikuwa akinitegemea mimi. Alipouliza tarakimu ile ni nini, nilisema miezi ya kwanza ni ya majaribio, pesa itapanda.

"Majaribio ya nani? Yangu ama yao?"

"Ni utaratibu tu, fundi."

Akaandika jina lake pole pole, herufi moja moja, kwenye mahali nilipomwonyesha.

Vijana aliopewa walikuwa wasichana watano, kutoka vilima vya karibu na mji. Walikuja kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, na kwa kuwa hakuna binti anayeweza kukanyaga cherehani siku nzima kwa tumbo tupu, fundi aliwapikia ugali na maharage mchana. Hakuna aliyemwambia apike. Ofisini nilikuwa nimepewa kazi ya kupita Muyinga kila mwezi kuandika raporo juu yake, na kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika maharage. Niliandika idadi ya wanafunzi waliohudhuria. Mwezi wa tatu aliniuliza, "Majaribio bado?" Nikasema bado kidogo. Mwezi wa nne hakuuliza. Aliniletea chai, akaniangalia nikinywa.

Wasichana wenyewe walikuwa wanampenda na kumwogopa. Mmoja alikuwa na kipaji cha wazi, macho yake yalikata kabla ya mkasi. Wa pili alikuwa mwenye bidii. Watatu waliobaki walikuwa wa kawaida, kama nilivyokuwa mimi, na watu wa kawaida hawatengenezwi kwa miezi sita. Fundi alilijua hilo tangu wiki ya pili.

"Hawa watatu, mwaka," aliniambia. "Huyu mwenye mkono mzito, mwaka na nusu. Waambie huko Gitega."

Niliwaambia. Mratibu alisema mfadhili haongezi muda.

Mwisho wa mwezi wa sita ilikuja karatasi ya mwisho. Mlezi anatia saini mbele ya jina la kila kijana aliyehitimu, na kwa kila saini analipwa ile elfu hamsini. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi chini, kwa herufi ndogo: mlezi ambaye chini ya nusu ya vijana wake wamehitimu hapati malipo ya mwisho kabisa, kwa sababu amekuwa dhaifu. Mimi Mutaho nilitia saini mbele ya majina yote manane. Mmoja wao alikuwa hawezi kupachika mkono wa shati bila kuugeuza ndani nje. Nilitia saini kwa kalamu ya buluu, haraka, nikapiga chapa. Wenzangu wote wakafanya hivyo. Tulikuwa tunataniana kwamba msimu huu Burundi imezaa mafundi wengi kuliko maparachichi.

Fundi alitia saini mbili.

Nilimpigia simu. "Fundi, saini wote. Ukiacha hivi hawatakulipa kitu, hata kwa wale wawili."

"Hawa watatu hawajamaliza."

"Najua. Lakini kila mtu anasaini."

"We umesaini wote nane?"

"Nimesaini."

Nikasikia cherehani nyuma yake, halafu nikamsikia akiwaambia wasichana wanyamaze.

"Mzazi yupi amevaa?" aliniuliza.

Nikasema simu inakatika.

Baada ya siku mbili mratibu aliniita. Mfadhili anataka idadi itimie, alisema. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipita Muyinga kila mwezi, naweza kutia saini kwa wale watatu kama msimamizi. Ile elfu hamsini ya kila mmoja itakuja kwangu, si vizuri ipotee. Nilikuwa nadaiwa pango la miezi miwili. Nitaandika sababu hiyo hapa ijulikane, lakini siiombei huruma: wengi wanadaiwa pango na hawafanyi nilichofanya. Nilitia saini.

Sherehe ya vyeti ilifanyika Gitega, kwenye ukumbi wa kukodi, na maturubai nje kwa waliochelewa. Kila kijana alipewa fulana nyeupe yenye maandishi. Kulikuwa na soda, spika kubwa, na wageni waliovaa tai. Petroli ilikuwa shida siku zile, mabasi machache, na fundi alikuwa amesimama kituoni Muyinga tangu alfajiri kupata kiti. Aliingia hotuba ya pili ikiendelea, na mtandio wake wa kijani, na mfuko wa plastiki kifuani. Akakaa mstari wa nyuma na mafundi wa kategori ya tatu wenzake. Hakuna aliyewapanga hivyo. Viti vya mbele vilikuwa na majina.

Majina ya Muyinga yakaitwa. Wawili wa kwanza wakapanda, akapiga makofi. La tatu likaitwa, la nne, la tano. Wasichana wale watatu walipanda wakiangalia chini. Fundi akasimama. Nilifikiri anatoka nje. Akapita katikati ya viti mpaka mbele, akasimama chini ya jukwaa, akamwambia mratibu kwa sauti yake ya kawaida ya barazani, ambayo haihitaji spika:

"Mwanangu, njo chini kidogo."

Mratibu akashuka. Alikuwa na adabu, sitamnyima hilo. Fundi akafungua mfuko, akatoa koti la rangi ya kahawa.

"Hii koti amekata huyu binti." Akamwonyesha yule wa tano, mwenye mkono mzito. "Ni ya baba yake. Baba yake iko mwembamba kama we. Vaa."

"Mama, tuko kwenye sherehe—"

"Ndiyo mahali pake. Vaa."

Watu wakaanza kucheka, wengine wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya shughuli. Mratibu akavua koti lake, akavaa lile. Mkono wa kushoto ulimgeukia mbele, kola ikapanda shingoni upande mmoja, na alipojaribu kunyoosha mkono kumsalimia mgeni wa heshima, mgongo ukavutika mpaka bitana ikachungulia. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Msichana alikuwa analia na cheti mkononi. Fundi hakucheka. Alikwenda akamshika yule binti begani, akasema, "We usilie. Kosa si yako, we unajifunza bado." Halafu akamgeukia mratibu. "Ukiweza kwenda harusini na hiyo, ukirudi niambie, mi nitasaini. Na unilipe sawa na wengine."

"Mama, mambo ya kategori tutaongea ofisini."

"Kategori ni nini?"

Hapo ndipo alipojua. Mratibu alimweleza pale pale, kwa sauti ya chini, koti la binti likiwa bado mwilini, na kwa uungwana wote akataja cheti, raporo, umbali, na kwamba kwa upande wake mkataba ulisema wazi tangu mwanzo. Fundi hakumkatiza. Alipomaliza, akamvua lile koti yeye mwenyewe, kama anavyomvua mteja aliyekuja kupima, akalikunja, akalirudisha mfukoni. Hotuba ya tatu ikaanza.

Alinisubiri nje kwenye geti.

"We uliniambia sawa," alisema.

"Si mimi, fundi, ni ofisi. Vigezo vyao—"

"Mi sikuongea na ofisi. Ofisi haikukaa kwenye baraza yangu. Ulikaa we. Wale wanawake wako hai, mmoja anakaa nyuma ya msikiti, twende tumuulize."

"Sina pesa hizo."

"Mwenye kuja kwangu na karatasi ni we tu. Umepata kwa wangu watatu?"

Nikaanza kumweleza habari ya pango.

"Donc umepata." Akahesabu hapo hapo, macho juu kidogo kama anavyofanya akipima kitambaa kwa jicho. Tofauti ya laki na elfu ishirini, mara sita. Na laki na nusu ya wale watatu. "Laki nane na elfu sabini. Ile ya wawili wangu niliosaini, hiyo mi nitagombana na ofisi. Hii ingine ni ya we."

Ningependa kuandika kwamba nililipa kwa moyo mmoja. Nililipa nikimlaani. Nilimlaani yeye, nikamlaani mratibu, nikalilaani basi na foleni ya petroli. Niliuza cherehani yangu ya mkononi kwa mfanyabiashara wa Itaba aliyejua nina haraka. Nilikwenda Muyinga mara nne, na kila mara alihesabu zote mbele yangu, noti kwa noti, akatoa mbili zilizochanika na kuniambia nibadilishe. Mara ya pili nilimwambia hili si haki, kwamba ananilipisha mimi mshahara wa shirika lenye magari.

"Si haki," alikubali. "Na mi nilipika maharage miezi sita, ilikuwa haki? Hesabu vizuri, hapo umeruka elfu tano."

Mara ya nne alisema imeisha, akaweka pesa kwenye mfuko wa gauni, akarudi kwenye koti la mteja. Sikuagiziwa chai. Nikamuuliza habari za wasichana. Wawili kati ya wale watatu walikuwa pale barazani, nilikuwa nimewapita bila kuwatambua. Walikuwa wamerudi wenyewe, bila shirika, bila malipo kwake, wanakata karatasi za mifuko ya saruji kujifunza mkono wa koti. Yule mwenye mkono mzito hakurudi. Baba yake alimfungulia kibanda karibu na soko kwa kuwa ana cheti, kimetundikwa ukutani.

"Watu wananiletea mi vitambaa alivyoharibu," fundi alisema. "Wanasema, si mtoto wako huyu? Wiki hii vitatu. Kitambaa kikishakatwa vibaya hata Mungu hakirudishi. Wengine nawalipa."

Nikauliza anawalipa kwa nini, wakati hakutia saini.

"Alikaa kwangu," alisema.

Niliondoka na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Saini iliyomtoa yule binti mapema ilikuwa yangu, na anayelipa vitambaa ni mwanamke wa elfu sitini. Siku hizi nashona Giteranyi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama, kwa cherehani ya kuazima. Ni karibu na mpaka, na jioni naangalia baiskeli zinazoshuka na mizigo kutoka upande wa Tanzania na miguu inaniwasha. Nitaondoka tena, najijua.

Mwezi uliopita mratibu alinipigia simu. Sauti ile ile, ya upole. Awamu ya pili imepata mfadhili, alisema, na wanakumbuka kazi yangu nzuri. Vijana watakuwa wengi zaidi. Wanataka nirudi, pengine hata nipande kategori ya kwanza, na wanataka niwape majina ya mafundi wa Muyinga na Giteranyi, hasa wale wa kategori ya tatu, kwa sababu hao wana vifaa vyao tayari na bajeti ni ndogo.

Nikamwambia atangulize karatasi. Aandike kila fundi atalipwa kiasi gani, wa karatasi na asiye na karatasi, na nani analipia sindano, na nani analisha vijana mchana, kwa Kiswahili au Kirundi, atie saini, anitumie. Nikishawasomea watu barazani, nitampa majina.

Akasema mtandao ni mbaya, atanipigia tena. Hajapiga.